Mji Umeanguka au Umeangushwa? Habari za Vita na Amri ya Tisa



Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Januari 2025 tulikuwa ndani ya nyumba zetu hapa Goma, watoto wamelala sakafuni, mbali na madirisha. Umeme ulikatika, maji yakakatika, na baada ya muda simu nyingi zilizimika. Tulipopata mahali pa kuchaji, jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kutafuta habari za mji wetu wenyewe. Tukashangaa, maana ilikuwa kama tunasoma juu ya miji minne. Mmoja ulikuwa umeanguka. Wa pili ulikuwa umetekwa. Wa tatu ulikuwa umekombolewa. Wa nne ulikuwa umekaliwa na adui. Yote minne ilikuwa Goma yetu, na maiti waliokuwa barabarani walikuwa wale wale.

Tangu siku hizo tumekuwa tukijiuliza swali moja katika vikao vya wachungaji na wazee wa kanisa: habari hizi tunazosoma na kusikiliza zinatufanya nini? Hatuulizi ili kuwahukumu waandishi wa habari. Tunawaombea. Wengi wao walikimbia mji, redio kadhaa ziliporwa au zikafungwa, na huko Kinshasa, katika mwezi ule ule wa Januari, waziri wa sheria alitishia adhabu ya kifo kwa wale watakaotangaza shughuli za M23. Anayeandika kwa hofu namna hiyo anastahili huruma yetu. Tunauliza kwa sababu maneno ya magazeti hayabaki kwenye magazeti. Yanaingia kanisani, yanapanda mimbarani katika matangazo, yanaingia katika sala zetu, na mwisho yanamgusa ndugu aliyeketi kwenye benchi lile lile.

Katika makala hii tunataka kueleza jinsi maneno hayo yanavyofanya kazi, na nini Mkristo anaweza kufanya nayo.

Kikombe kimevunjika

Kiswahili chetu kimejaliwa vitenzi vyenye miisho mingi. Chukueni neno kuvunja. Mtoto anaweza kusema: "Nimevunja kikombe." Anaweza kusema: "Kikombe kimevunjwa." Au atasema: "Mama, kikombe kimevunjika." Sentensi ya kwanza inamtaja aliyefanya. Ya pili inakubali kwamba yuko aliyefanya, ila jina lake halitolewi. Ya tatu inamwondoa kabisa, kana kwamba kikombe kiliamua chenyewe. Kila mama anajua watoto hupenda ipi.

Sasa sikilizeni habari za vita. Mapigano yamezuka. Hali ya usalama imezorota. Mji umeanguka. Bomu limeanguka kambini. Watu wamehama. Zote ni sentensi za kikombe kilichovunjika. Moto huzuka, mvua huanguka, ndege huhama. Lakini vita ina mtu aliyetoa amri, ina mtu aliyebeba bunduki, na bomu lina mahali lilipotoka.

Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliua watu katika kambi za wakimbizi wa ndani upande wa Mugunga, magharibi mwa mji wetu. Watoto walikuwa miongoni mwa waliokufa. Habari nyingi za siku ya kwanza zilisema tu kwamba mabomu "yalianguka". Serikali ya Kongo ilisema yametoka kwa jeshi la Rwanda na M23. Marekani nayo ikasema yalirushwa kutoka ngome za jeshi la Rwanda na M23. Rwanda ikakana vikali. Msomaji aliyeishia kwenye kichwa cha habari cha siku ya kwanza alibaki na bomu lililoanguka kama jiwe la volkano.

Mfano mwingine ni wa Februari 2025. Waliokuwa katika kambi za pembezoni mwa Goma, kama ile ya Bulengo, walipewa na M23 muda wa saa 72 waondoke. Baadaye tuliambiwa kwamba kurudi kwao ni kwa hiari. Basi wengine wakaandika kwamba wakimbizi wamerudi makwao. Je, walirudi au walirudishwa? Tofauti ni silabi chache tu, lakini ndani ya silabi hizo mna familia iliyobeba mabati yake mgongoni, haijui kama nyumba bado iko kijijini.

Tuwe wa haki hapa. Mara nyingine mwandishi kweli hajui nani alirusha bomu, na kusema jina bila kujua ni kosa kubwa zaidi. Lakini mwandishi mwaminifu akiwa hajui, husema wazi: "Aliyerusha hajajulikana bado." Sentensi hiyo inaacha kiti wazi kwa ajili ya mtendaji. Sentensi ya "limeanguka" inaondoa kiti chenyewe.

Neno tulilowakopesha wanajeshi

Kuna neno moja linalotuuma sisi wahubiri zaidi ya mengine: kukomboa. Kanisani tunamwita Yesu Mkombozi, na tunajua alilipa kwa damu yake mwenyewe. Katika nchi zetu neno hili limebebwa na watu wenye silaha kwa miaka mingi. Jeshi la Mzee Laurent-Désiré Kabila lililoingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997, AFDL, lilikuwa na neno ukombozi ndani ya jina lake. MLC ya Jean-Pierre Bemba, iliyozaliwa mwaka 1998, ililibeba pia. FDLR, kundi la Wahutu wa Rwanda ambalo baadhi ya waanzilishi wake walihusika na mauaji ya kimbari ya 1994, nalo linadai kuikomboa Rwanda. Na mwaka 2025 tuliambiwa Goma imekombolewa.

Yaani makundi yanayopigana yenyewe kwa yenyewe yote yanajiita wakombozi. Mwandishi anayelichukua neno hilo bila kuongeza "wanavyojiita" amekwisha kuwapa cheti. Vivyo hivyo kwa jina Wazalendo, wanalopewa vijana wanaopigana upande wa serikali. Mzalendo ni mtu anayeipenda nchi yake. Wako wanaoipenda kweli, na wako waliowapora watu barabarani. Jina likisha kutolewa, ni vigumu gazeti kuandika kwamba mzalendo ameiba mbuzi.

Jina linahamisha mpaka

Tuendelee na majina. Wapiganaji wanaoutawala mji wetu tangu Januari 2025 wana majina mengi, na kila jina linauweka mpaka wa Rwanda na Kongo mahali pengine.

Serikali ya Kinshasa iliwatangaza kuwa magaidi mwaka 2022, na magazeti mengi ya huko huandika juu ya uvamizi wa Rwanda, wakiunganisha jina la jeshi la Rwanda na la M23 kwa mstari mmoja. Huko Kigali husemwa kwamba hao ni Wakongomani wanaodai haki zao na kuwalinda watu wa kabila lao. Wenyewe wanajiita AFC/M23, na tarakimu 23 ni ya makubaliano ya tarehe 23 Machi 2009 ambayo wanasema serikali haikuyatimiza. Mashirika makubwa ya habari ya dunia, na idhaa za Kiswahili zinazotafsiri kutoka kwao, hupenda kusema "waasi wa M23 wanaoungwa mkono na Rwanda".

Ukisema uvamizi, umesema ni vita kati ya nchi mbili, na dawa yake ni jeshi la kigeni kuondoka. Ukisema waasi peke yake, umesema ni ugomvi wa ndani ya nyumba, na dawa yake ni Wakongomani kuketi pamoja. Kwa hiyo jina lililochaguliwa asubuhi katika chumba cha habari limekwisha kuamua nusu ya mazungumzo ya amani.

Na hilo neno "kuunga mkono" ni laini mno. Mtu anaweza kuniunga mkono kwa sala, kwa fedha, kwa bunduki, au kwa kuja kupigana mwenyewe. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti iliyotolewa Julai 2024, walikadiria kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa katika ardhi ya Kongo. Wataalamu hao hao wameandika pia jinsi jeshi la Kongo lilivyoshirikiana na FDLR. Tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama, kwa sauti moja, lilipitisha azimio namba 2773. Liliitaka Rwanda iache kuisaidia M23 na iondoe askari wake mara moja, na lililaani pia msaada unaotolewa na jeshi la Kongo kwa FDLR. Mambo yote mawili yamo katika karatasi moja. Lakini ukisoma gazeti la upande mmoja tu, unaweza kudhani azimio lina nusu moja.

Rwanda yenyewe inayaita mambo haya "hatua za ulinzi", ikisema inajilinda dhidi ya FDLR. Ndugu, fuateni neno hilo lilikofika. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizi mbili walitia sahihi mapatano huko Washington. Katika mapatano hayo imeandikwa kwamba FDLR itamalizwa nguvu na Rwanda itaondoa hatua zake za ulinzi. Wengi upande wetu walisoma hapo kwamba askari wa Rwanda watatoka. Waziri wa Rwanda akajibu kwamba maneno "askari wa Rwanda" na "kuondoka" hayamo katika andiko. Basi neno lililoanza katika matangazo ya serikali moja, likarudiwa na magazeti, lilifika hadi kwenye mapatano, na kila mtu akatoka na maana yake mkononi.

Watu wanane, au 131, au 272

Hapa tunapaswa kuungama kosa letu wenyewe.

Mwishoni mwa Novemba 2022 watu waliuawa Kishishe na Bambo, katika wilaya ya Rutshuru. Serikali ilianza kwa kusema wamekufa 50. Siku chache baadaye ikasema 272. M23 ikasema raia wanane tu walikufa, kwa risasi zilizopotea. Umoja wa Mataifa, baada ya kuwahoji mashahidi waliokimbilia Rwindi, ulisema katika uchunguzi wa kwanza kwamba waliouawa ni angalau 131, na kwamba waliofanya hivyo ni M23.

Jumapili iliyofuata tulipanda mimbarani tukaomba kwa ajili ya "watu mia tatu". Tulikuwa tumelipata hesabu hilo kwenye simu, na lilionekana kufaa kwa uchungu tuliokuwa nao. Baada ya ibada mama mmoja mwenye jamaa upande wa Bambo alitungoja nje. Hakukasirika. Alituuliza tu: "Baba Mchungaji, hao mia tatu, umewaona majina yao? Mimi namtafuta mmoja."

Tulikosa jibu. Tangu siku ile tumejifunza kwamba hesabu katika vita huwa na mwenye kuhesabu, na kila mwenye kuhesabu ana sababu zake. Hesabu kubwa hutumika kuita hasira, hesabu ndogo hutumika kufunika kaburi. Na lile neno "risasi zilizopotea" ni kikombe kingine kilichojivunja: risasi inapotea njia kama mbuzi, na mfyatuaji hayupo. Hata idadi ya waliokufa Goma mwezi Januari 2025 ilikuwa hivyo. Umoja wa Mataifa ulitaja karibu 2,900 mwanzoni mwa Februari, na mwisho wa mwezi huo Waziri Mkuu wetu alisema zaidi ya 3,000 kwa Goma, na zaidi ya 7,000 kwa mashariki yote. Gazeti moja likichukua tarakimu ya kwanza na lingine ya mwisho, bila kusema ni ya mahali gani, wasomaji wataitana waongo kwa bure.

Tumeshapita njia hii

Vijana wetu wadhani kwamba haya yameletwa na simu. Wazee wanajua ni ya zamani.

Julai 1994 watu karibu milioni moja walivuka mpaka na kuingia Goma kwa siku chache. Kipindupindu kiliua maelfu kwa maelfu, wengine walizikwa kwa matingatinga. Dunia nzima iliandika neno moja: wakimbizi. Na kweli walikuwa wakimbizi, wengi wao mama na watoto wasio na hatia. Lakini ndani ya neno hilo walijificha pia askari wa serikali iliyoshindwa na Interahamwe waliokuwa wametoka kuua Watutsi. Neno moja lilifunika wote, na chakula kikagawiwa kwa wote. Baadaye wengine wakafanya kosa la upande wa pili, wakawaita wote wauaji, na kwa jina hilo wengi wasio na hatia waliangamia katika misitu yetu.

Mwaka 1996 vita ilipoanza Kivu ya Kusini, magazeti yaliiita uasi wa Banyamulenge. Julai 1997 Paul Kagame, wakati huo makamu wa rais na waziri wa ulinzi wa Rwanda, alieleza katika mahojiano na Washington Post kwamba Rwanda ndiyo iliyoipanga na kuiongoza vita ile. Jina lilikuwa limeibandika vita nzima juu ya jamii moja ndogo ya Wakongomani. Walioipanga walijieleza na kuendelea na kazi zao, lakini Banyamulenge wanaulipia mzigo ule mpaka leo. Agosti 1998 vita ya pili ilipoanza, Rwanda ilisema haina askari Kongo. Novemba mwaka ule ule ilikubali kwamba inao.

Tunaandika haya tukiwa na sababu moja. Mara tatu katika miaka mitano, jina la majuma ya kwanza halikuwa jina kamili. Anayejua hayo atajifunza subira kidogo kabla ya kurudia jina la leo.

Neno "Wanyarwanda"

Mwalimu wetu wa theolojia alizoea kutuambia: kabla ya kuhubiri andiko, uliza nani anasema, anasema na nani, na neno hili wasikiaji wa kwanza walilisikiaje. Tulifundishwa kuyafanya hayo kwa barua ya Paulo. Leo tunaona inatupasa kuyafanya hata kwa kichwa cha habari, hasa neno hili likiwemo: Wanyarwanda.

Neno hilo lina maana angalau mbili hapa kwetu. Linaweza kumaanisha serikali na jeshi la nchi jirani. Linaweza pia kumaanisha Mkongomani wa Masisi au Rutshuru, Mhutu au Mtutsi, ambaye kwao wanasema Kinyarwanda tangu mababu. Gazeti linapoandika "Wanyarwanda wameua", mwandishi pengine anafikiri jeshi. Lakini msomaji katika mtaa wa Ndosho au Katindo anamtazama jirani wa nyumba ya pili. Tunafahamu kijana wa kwaya aliyeacha kuja mazoezini, kwa sababu kila alipoingia mazungumzo yalinyamaza. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kusema.

Maandiko yanajua jambo hili. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani na kumwambia kila aliyetaka kuvuka atamke neno Shibolethi. Aliyelitamka vibaya alichinjwa. Walikuwa ndugu, wana wa Israeli wote. Kosa lao lilikuwa sauti moja ya ulimi.

Na si lazima twende mbali hadi Yordani. Gazeti la Kangura, lililoanzishwa mwaka 1990, mhariri wake alikuwa mtu wa Gisenyi, mji tunaouona kwa macho tukisimama mpakani. Lilifundisha watu kuwaita jirani zao mende, na kutoka Julai 1993 redio RTLM iliendeleza kazi ile. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa huko Arusha iliwatia hatiani mhariri yule na waongozi wawili wa redio ile. Adhabu zilipunguzwa katika rufaa mwaka 2007, lakini hatia ya kuchochea watu wauane haikufutwa.

Upande wetu pia si safi. Agosti 1998 kiongozi mmoja mkubwa huko Kinshasa, Abdoulaye Yerodia, aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje, alisema hadharani juu ya Watutsi kama mtu asemavyo juu ya wadudu wa kuangamizwa. Watu waliwindwa mitaani. Ubelgiji ilitoa hati ya kumkamata mwaka 2000, na kesi juu ya hati hiyo ilifika mpaka mahakama ya dunia huko The Hague, iliyoamua mwaka 2002 kwamba kinga ya waziri inamlinda. Sheria za nchi zina kinga kwa mawaziri. Mbele za Mungu kinga hiyo haipo.

Njia mbili za kushuhudia uongo

Amri ya tisa, katika Kutoka 20, inatukataza kusema ushuhuda wa uongo juu ya jirani. Tumezoea kuifundisha kama amri juu ya masengenyo. Angalieni kwamba neno linalotumika hapo ni jirani, na Rwanda na Kongo ni majirani.

Tumeona katika mifano hii kwamba uongo huo una njia mbili. Njia ya kwanza ni kumbebesha jirani yule asiyehusika: kuchukua kosa la jeshi na kulibandika juu ya uso wa kijana wa kwaya. Njia ya pili ni kumwondoa mwenye kosa: kusema bomu limeanguka, watu wamehama, hali imezorota. Wapenda vita hutumia ya kwanza. Sisi watu wa kanisa tunaopenda amani tuna jaribu la kutumia ya pili. Tunaogopa kuonekana tuna upande, basi tunaomba "kwa ajili ya hali mbaya ya mashariki", kana kwamba Mungu hajui hali hiyo ina mikono.

Manabii hawakuomba namna hiyo. Nathani alipomwendea Daudi juu ya Uria, hakusema kwamba Uria amekufa vitani, ingawa ndivyo habari rasmi ilivyosema. Alimtaja aliyemuua. Ni lazima tuombe ujasiri wa kutaja yaliyothibitishwa: kwamba jeshi la nchi jirani limeingia, kwamba jeshi letu limeshirikiana na wauaji, kwamba vijana wetu wa nyumbani wameua pia. Na ni lazima tuombe unyenyekevu wa kunyamaza juu ya yasiyothibitishwa.

Tunachofanya sasa kanisani

Katika parokia yetu tumekubaliana mambo machache, na tunayaweka hapa kwa ajili ya ndugu wa Bukavu, Uvira, Beni, Butembo na Bunia, myapime.

Kwanza, kabla ya habari ya vita kusomwa katika matangazo au kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, mzee mmoja anaulizwa maswali manne: Nani aliyetenda, na kama hatajwi, je, ni kwa sababu hajulikani au kwa sababu amefichwa? Nani aliyehesabu? Jina hili la kundi au la watu limetoka kinywani mwa nani? Na ndugu yetu wa jamii inayotajwa, akiketi hapa, atalisikiaje? Tumeona kwamba habari nyingi hazifiki swali la tatu.

Pili, tunasema "serikali ya", "jeshi la", "kundi la". Hatusemi "Wanyarwanda wamefanya" wala "Wakongomani wamefanya". Mtoto wa Gisenyi hakutia sahihi amri yoyote, wala mtoto wa Goma.

Tatu, tunasikiliza pande mbili kabla ya kusema. Mithali 18:17 inatukumbusha kwamba wa kwanza kujitetea huonekana ana haki mpaka mwenzake aje kumhoji. Anayesikiliza redio ya Kinshasa tu amemsikia wa kwanza. Anayesoma gazeti la Kigali tu, naye amemsikia wa kwanza.

Nne, tukikosea, tunasahihisha mahali pale pale tulipokosea. Jumapili moja baada ya ile ya "mia tatu" tulirudi mimbarani tukasema hatukujua hesabu, na tukaomba msamaha. Kisha tuliwaombea waliokufa Kishishe na Bambo bila tarakimu, na yule mama akasimama akataja jina la mtu wake. Lilikuwa jina moja tu, lakini kanisa zima lililia.

Tunamaliza kwa kukumbuka usiku mwingine. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, anga ikawa nyekundu, na maelfu yetu tulikimbilia mpakani na godoro kichwani. Mpaka ulifunguliwa. Tulilala Gisenyi, wengine katika ua wa watu tusiowajua, waliotupa maji na mablanketi ya watoto. Asubuhi habari zilituita majirani waliokimbia moto. Watu wale waliotufungulia wangali wanaishi pale, na sisi tungali hapa.

Bwana aweke mlinzi mlangoni pa midomo yetu, sisi tunaohubiri na wale wanaoandika, ili tutakapoulizwa habari za jirani tuseme kweli yote tunayoijua, na hiyo tu. Amina.